Julai, Baba Dogo

Bwana Gathecha anataka jibu la mstari mmoja:
mafuta ya parachichi yakishakamuliwa,
yakae pipani saa ngapi
hadi maji yote yatue chini?
Mstari mmoja, anasema,
na anaondoka, funguo zikimlilia kiunoni.

Basi usiku naketi Umoja, chumba cha juu,
kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa,
nanyesha mvua ndani ya mafuta.
Matone elfu sita.
Sikuyapanga. Nimeiachia mashine ichague ukubwa wa kila moja
kama mtu anayetawanya nafaka bila kutazama kiganja:
hili punje ya ulezi, hili ncha ya sindano,
hili karibu si kitu, vumbi lenye unyevu.

Lakini hata nasibu ya mashine ina mbegu.
Unaipa namba, nayo huota mvua ileile kila ukiipanda.
Niliipa namba ya nyumba yetu ya Huruma,
ile iliyobomolewa tukiwa shuleni,
ili kitu kimoja chenye namba hiyo
kiweze kurudi jinsi kilivyokuwa.

Sheria yenyewe ni fupi. Uzito unavuta chini,
mafuta yanasukuma juu, mnato unashika shati.
Tone lenye kipenyo maradufu
hushuka mara nne upesi,
ndiyo maana makubwa hupita kwa kiburi,
yakiyameza madogo njiani,
yakinenepa, yakizidi kukimbia,
na nyuma yake madogo huyumba
kama watu waliopitwa na msafara wa waziri.

Saa tano na dakika arobaini stima zikapotea.
Zilipurudi nikapanda mbegu ileile
na yote yakaanguka vilevile,
hata lile moja, pembeni kushoto,
lililowakwepa wenzake mara mbili.

Saa kumi na tisa, nikaandika. Nikalala.

Syombua wa maabara hakunibishia.
Alichukua chupa ya jemu, mafuta halisi,
maji aliyotia rangi ya bitiruti,
akaitikisa kama dawa ya mtoto,
akaiweka dirishani.
Saa kumi na tisa zikapita.
Siku ya pili. Siku ya tatu
wekundu ulikuwa ungali umeelea katikati,
ukungu wa kitu kisichotaka kufika.

Nilikagua mistari mia mbili, sikuona kosa.
Syombua akainua chupa, akanigusisha shavuni.
"Baridi," akasema.

Nilikuwa nimeandika nyuzi ishirini na tano,
joto la kitabuni, la nchi isiyo na Julai.
Hapa, saa moja asubuhi, pumzi inaonekana,
mlinzi Ekai amevaa makoti mawili,
na mafuta nayo yamejikunyata.
Nikaandika kumi na tatu.
Mvua ikaanza kushuka polepole
kama mazungumzo ya mahari.

Haba na haba hujaza kibaba,
ila aliyesema hivyo hakuambiwa angoje haba ya mwisho.
Makubwa hutua siku ya kwanza, tukayashangilia.
Ni hili dogo, lisilochagua udogo wake,
linaloshikilia pipa zima.

Gathecha akarudi na funguo zake.
Saa ngapi?
Nikasema sina saa, nina swali:
tone dogo kiasi gani
uko tayari kulisamehe?

Nilidhani atafoka.
Akaichukua chupa, akaielekeza kwenye mwanga,
akafumba jicho moja.
"Hili hapa," akasema, "linashuka ama limesimama?"

Tukainama sote watatu,
pumzi zetu juu ya kioo.